Zulia au Mbao Sebuleni? Anza na Maji

Kariakoo na Eastleigh, zulia huuzwa kwa macho na kwa kiganja. Muuzaji hukunjua robota moja, hupitisha mkono juu ya manyoya, na mteja akishaona rangi inavyogeuka chini ya vidole, kinachobaki ni kupatana bei. Keko jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi mambo ni yale yale: seremala huulowesha ubao kidogo ili wekundu wa mninga uwake, na mnunuzi papo hapo huiona sebule yake imekamilika.

Maji hayo ya kuonyeshea rangi yangefaa kuwa swali la kwanza, maana ndiyo huamua kama sakafu itaishi miaka mitano au hamsini. Sebule ina maji ya aina tatu: yaliyomo hewani, yaliyomo ndani ya zege, na ya ndoo ya usafi. Zulia huyapokea kwa namna yake na mbao kwa namna yake. Mwenye nyumba akishayajua hayo matatu, rangi na bei vitafuata vyenyewe.

Maji ya hewani

Mbao haziachi kunywa na kutoa unyevu hata baada ya kupasuliwa, kukaushwa na kupigwa vanishi. Mahali pakavu husinyaa, mahali penye mvuke huvimba, na mabadiliko hayo huonekana kwenye upana, si kwenye urefu. Kwa makadirio ya kawaida, kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka ndani ya ubao hupanua upana wake kwa asilimia 0.2 hivi, kutegemea aina ya mti na jinsi gogo lilivyopasuliwa.

Chukua sebule ya Dar es Salaam yenye upana wa mita 4. Mbao zimekaushwa tanuruni hadi unyevu wa asilimia 10, zimeletwa asubuhi, na fundi amezipigilia siku hiyo hiyo. Hewa ya pwani, iliyojaa unyevu karibu mwaka mzima, itazifikisha kwenye asilimia 14. Hilo ni ongezeko dogo, lakini katika upana wa mita 4 ni milimita 32 za mbao zinazotafuta pa kwenda. Zikikosa nafasi zitasukumana hadi zinyanyuke, na sakafu itapanda mgongo katikati ya chumba.

Ndiyo sababu fundi makini huziacha mbao zikae ndani ya sebule yenyewe kwa wiki moja, mbili au zaidi, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, paa na madirisha yakiwa yamekwisha kufungwa. Akianza kazi huacha mwanya wa milimita 10 hadi 15 kando ya kuta zote, ambao baadaye hufunikwa kwa ubao wa pembeni. Fundi anayesema mwanya hauhitajiki kwa kuwa mbao zake ni kavu, huenda hajawahi kurudi kutazama kazi yake baada ya masika.

Miti nayo hutofautiana. Mninga unasifika kwa kutulia: husinyaa na kuvimba kidogo kuliko miti mingi migumu, na ndiyo maana maseremala huupenda kwa milango pia. Mkongo, ambao pwani huitwa mbambakofi, nao hutulia. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayousaidia kuvumilia unyevu. Mvule ni mgumu na hudumu, ila vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo asiwepo mtoto wala mwenye pumu ndani ya nyumba wakati wa kupiga msasa.

Kiyoyozi huongeza mtihani. Hukausha hewa, na sebule inayowashiwa wageni wanapokuja tu huzifanya mbao zisinyae na kuvimba mara kwa mara. Sakafu ya nyumba ya namna hiyo ifunikwe kwa mbao nyembamba za sentimita 7 hadi 9; mbao pana za sentimita 15 zitaonyesha nyufa mapema.

Kwa zulia, maji ya hewani huleta kiumbe. Utitiri wa vumbi, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, hanywi maji. Huyafyonza kutoka hewani, na hustawi unyevu unapopita asilimia 50. Chakula chake ni magamba ya ngozi yanayotudondoka, na kinyesi chake huamsha pumu na mafua ya mzio. Tanga, Mombasa au Unguja, zulia lililogundishwa sakafuni ukuta kwa ukuta humpa mdudu huyo makazi yasiyo na kiangazi.

Hata hivyo, mbao peke yake si dawa. Vumbi la sakafu ngumu halina pa kujificha, kwa hiyo ufagio mkavu hulirusha hewani hadi puani. Penye mgonjwa wa pumu, sakafu ya mbao ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na mito na mapazia yafuliwe pia.

Maji ya ndani ya zege

Zege jipya hukauka polepole kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya kawaida ya ujenzi ni karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo sakafu ya sentimita 10 inahitaji miezi minne hivi, na zaidi ikiwa mvua inanyesha. Anayehamia haraka na kulifunika huyafungia maji ndani. Katika nyumba ya chini iliyomwagiwa zege bila nailoni nzito chini yake, unyevu wa ardhini nao hupanda miaka yote.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Kata kipande cha nailoni angavu chenye sentimita 45 kwa 45, kibandike juu ya zege kwa utepe mpana pande zote nne pasibaki upenyo, kisha ukiache kwa saa 16 au zaidi. Ukibandua ukakuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi kuliko la pembeni, sakafu hiyo haiko tayari kwa zulia wala kwa mbao. Rudia sehemu kadhaa, hasa karibu na ukuta wa bafu na ule unaopigwa na mvua. Nailoni ikiwa kavu bado si ruhusa kamili kwa mbao ghali; hapo mwenye kifaa cha kupima unyevu aitwe.

Zulia lenye mgongo wa mpira juu ya zege bichi huanza kutoa uvundo kabla halijachakaa, na likifunuliwa huwa na ukungu mweusi chini. Mbao nazo hunywa kwa upande wa chini huku vanishi ikizuia upande wa juu, na kila ubao hujikunja kingo zake zikainuka. Vanishi zaidi haitibu hilo.

Mchwa nao hufuata unyevu. Hupanda kutoka ardhini kupitia ufa mwembamba wa zege, hasa pale mbao zilipopigiliwa juu ya papi na kuacha uwazi gizani. Kiini cha mtiki, mvule au mninga huwashinda kwa kiasi kikubwa, lakini sehemu nyeupe ya nje ya gogo haina kinga hiyo, na bungua pia huipenda. Ubao wenye ukanda mweupe pembeni urudishwe, hata kama muuzaji anapunguza bei.

Ikiwa kipimo cha nailoni kinatoa matone mwaka baada ya mwaka, jibu la swali la zulia au mbao ni kuyaacha yote mawili. Tarazo, vigae au saruji iliyosuguliwa vizuri, pamoja na jamvi au mkeka unaoondoka, ndiyo sakafu ya nyumba hiyo. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na sakafu za chokaa, na juu yake vilitandikwa vitu vya kukunjwa na kuanikwa.

Maji ya ndoo

Familia nyingi husafisha sakafu kwa kudeki: ndoo mbili, sabuni, dekio linalotiririka. Kigae hakijali. Mbao hujali sana, kwa sababu maji huingia kwenye maungio, hasa vanishi ikiwa imelika. Anayechagua mbao anachagua pia kubadili desturi: kufagia kwa ufagio laini, kisha kupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone. Dada wa kazi na watoto waelezwe siku ya kwanza, kabla sakafu haijaanza kufifia mbele ya mlango wa jikoni.

Zulia lina shida iliyo kinyume: linataka maji mengi, kisha linataka yaondoke yote. Zulia la kutandika hubebwa nje, humwagiwa maji ya mpira, husuguliwa kwa sabuni na kuanikwa ukutani. Mijini, wengi hulipeleka kwenye vituo vya kuoshea magari. Katika jua la Dodoma hukauka siku moja. Nairobi mwezi Julai, au Dar es Salaam wakati wa masika, huweza kukaa siku kadhaa, na zulia lililorudishwa ndani likiwa bichi hunuka kuliko lilivyokuwa kabla ya kuoshwa. La ukuta kwa ukuta halitoki kabisa. Huhitaji mashine ya kufyonza vumbi kila wiki na mtaalamu wa kuliosha kwa mashine ya kunyonya maji angalau mara moja kwa mwaka. Asiyekuwa na umeme wa uhakika wala huduma hiyo karibu asiligundishe.

Mambo mengine hayasemwi dukani. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kwenda chooni itakojolewa sebuleni. Familia inayoswali hapo huhitaji kuondoa najisi kwa maji na kujua kwamba imeondoka. Kwenye mbao ni kazi ya dakika chache, kwenye zulia la kutandika ni ya nusu siku, na kwenye zulia lililogundishwa mkojo hupenya hadi sifongo la chini na kubaki. Nyumba inayofukiza udi nayo ifikirie kaa la chetezo: likidondoka kwenye zulia la plastiki huliyeyusha papo hapo, ilhali alama kwenye mbao huondolewa kwa msasa.

Baridi, kelele na magoti

Mpaka hapa zulia linaonekana limeshindwa, lakini yanayosemwa juu ya pwani hayatoshi kwa nyanda za juu. Njombe, ambako baadhi ya asubuhi za Juni na Julai huamka na sakitu, au Limuru, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, kigae ni adhabu ya miguu. Zege na mbao katika chumba kimoja vina joto lile lile. Tofauti ni kwamba zege hunyonya joto la unyayo haraka zaidi kuliko mbao. Zulia lenye manyoya huzuia hata zaidi, kwa kuwa hushika hewa ndani yake. Kwa bibi mwenye maumivu ya magoti, au mtoto anayetambaa, hiyo ni sababu ya kutosha.

Katika maghorofa, zulia lina faida ambayo jirani wa chini ataipenda. Huua mshindo wa hatua, wa kiti kinachoburutwa na wa mpira wa watoto kabla haujaingia kwenye zege. Mbao zilizobandikwa moja kwa moja juu ya zege huupitisha wote. Anayeweka mbao ghorofani atandike kwanza tabaka la sifongo gumu au la gome linalotengenezewa vizibo, na aulize kabla ya kununua kama utawala wa jengo una masharti.

Ukienda kununua mbao

Hakikisha kwanza unachouziwa ni mbao. Omba kipande kilichokatwa utazame ubavu wake. Mbao halisi huonyesha nyuzi zile zile kutoka juu hadi chini, kwa unene wa milimita 18 hadi 22. Mbao za tabaka zina ngozi ya mti mgumu ya milimita 2 hadi 6 juu ya tabaka zilizopishanishwa. Hizi hutulia kuliko mbao nzima katika hewa inayobadilika, ila msasa zitavumilia mara moja au mbili tu, na zenye ngozi nyembamba huenda zisivumilie kabisa. Laminati ubavu wake ni rojo la kahawia lililoshindiliwa, na juu kuna picha ya mbao. Haipigwi msasa kamwe, na maji yakiingia kwenye ungio huvimba kama mkate uliochovywa chai. Kinachoitwa mkeka wa mbao katika maduka ya Kenya ni vinili, plastiki yenye picha ya mbao: hakivimbi kwa maji, lakini gundi yake huachia juu ya zege bichi.

Uliza mti ulikotoka. Tanzania Bara, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hutoa hati za kusafirisha mazao ya misitu, na muuzaji halali hana sababu ya kuificha yake. Mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika viliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe pori, kwa uamuzi uliofikiwa Panama Novemba 2022, ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa hiyo mnunuzi wa Nairobi anayeagiza mbao hizo kutoka Tanzania au Kongo anahitaji zije na kibali cha kuvuka mpaka. Mtiki hauna kikwazo hicho. Hupandwa kwa wingi Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero.

Kwa umaliziaji, vanishi isiyong'aa sana huficha mikwaruzo. Mchanga wa pwani ni mgumu kuliko vanishi yoyote ya nyumbani, kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua baada ya sakafu ni kikanyagio kikubwa cha mlangoni, na desturi ya kuvua viatu nje iendelee. Vipande vya sufu iliyoshindiliwa vibandikwe chini ya miguu ya makochi.

Ukienda kununua zulia

Likunje zulia kwa nyuma, manyoya yakiangalia nje. Ukiona mgongo wake waziwazi kati ya mistari, limefumwa kwa uhaba na litalala kwenye njia ya kupita watu kabla ya mwaka kwisha. Urefu wa manyoya haufidii upungufu huo. Makapeti yenye manyoya marefu yanayopendwa sasa hupendeza picha, lakini hushika mchanga kwenye mashina, na mchanga huo hukata nyuzi kila mtu anapokanyaga.

Chomoa uzi mmoja pembeni. Ukiutia kwenye bilauri ya maji ukaelea, ni polipropilini, ambayo ndiyo malighafi ya mazulia mengi ya bei nafuu yanayotoka Uturuki. Haishiki madoa ya maji upesi, ila mafuta ya pilau huing'ang'ania. Nailoni na polyesta huzama. Nailoni huinuka tena baada ya kukandamizwa na mguu wa kochi, na kwa sebule yenye wageni wengi inastahili bei yake. Uzi ambao ukichomwa hutoa harufu ya nywele zinazoungua na kuacha majivu ya kusagika ni sufu: wenye joto, imara, na chakula cha nondo wa nguo.

Pima chumba kabla ya kwenda. Marobota mengi yana upana wa mita 4 au mita 3.66. Sebule yenye upana wa mita 4.3 italazimisha kiungo, na kiungo hicho kiwekwe mbali na mlango na mbali na mwanga wa dirisha.

Hesabu ya miaka

Bei ya mita moja ya mraba hudanganya. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, mbao za kununua ni mita 22 za mraba, kwa kuwa asilimia 10 hivi hupotea kwenye vipande. Ongeza gundi, msasa, vanishi ya mikono mitatu, na gharama ya kukata milango yote, maana sakafu itapanda. Kwa zulia, ongeza sifongo la chini na ada ya kuosha kila mwaka.

Kisha gawa kwa miaka. Zulia la plastiki katika sebule yenye pilikapilika hudumu miaka mitano hadi kumi. Mbao nzima za milimita 20 hupigwa msasa kila zinapochakaa, kila mara zikipoteza chini ya milimita moja, kwa hiyo huweza kuwazidi umri waliozilipia. Bado kuna nyumba na fleti za zamani jijini Nairobi ambako vipande vya parketi vilivyopangwa na vizazi vilivyopita vinakanyagwa hadi leo.

Mpangaji asijisumbue na hesabu hiyo. Anunue zulia la kutandika atakaloondoka nalo. Mwenye nyumba ya pwani iliyo chini, hata kama kipimo cha nailoni kimetoka kikavu, aanze na sakafu ngumu inayovumilia maji. Mbao azifikirie kwa ghorofa ya juu. Mwenye nyumba ya Arusha, Mbeya au Nairobi ana uhuru mkubwa zaidi: mbao zikiwa na zulia la mita 2 kwa 3 chini ya meza ya makochi humpa joto, ukimya na kitu cha kutoa nje Jumamosi. Alisogeze zulia hilo kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa mvule na mtiki hubadilika rangi kwa mwanga na zulia lisiloondoka huacha mraba wake.

Zulia la ukuta kwa ukuta libaki kwa wa nyanda za juu mwenye zege kavu, mashine ya kufyonza vumbi, na asiye na mgonjwa wa pumu nyumbani.

Vyovyote atakavyochagua, mnunuzi aagize ziada kidogo kutoka mzigo ule ule. Mbao mbili au tatu za akiba, zilizolazwa kavu chini ya kitanda, au kipande cha zulia kilichobaki robotani, ndicho kitakachoziba doa la kaa au ubao uliopasuka, kwa sababu mzigo utakaokuja dukani mwaka ujao hautakuwa na rangi ile. Nyuma yake iandikwe aina ya mti au ya uzi, jina la vanishi na duka mzigo uliponunuliwa.